Stadi za Sayansi Katika Soko la Kariakoo

Mtu apitaye Kariakoo asubuhi, kutoka Mtaa wa Msimbazi hadi Mtaa wa Mkunguni, husikia habari nyingi za sayansi bila kutambua kwamba ni za sayansi. Muuza mayai humwambia mteja kwamba yai likielea majini ni viza. Muuza mchele husifu mchele wake kwamba ni wa mwaka jana, kwa hiyo ukipikwa utajaa sufuria kuliko mchele mpya. Muuza asali huchovya njiti ya kiberiti ndani ya asali na kuiwasha, ili kuthibitisha kwamba asali yake haikutiwa maji. Kila mmoja wao ametoa dai juu ya tabia ya vitu, na kila dai laweza kupimwa.

Mwanafunzi wa sekondari apitaye hapo akienda shule ana njia tatu mbele yake. Aweza kuamini, kwa kuwa muuzaji ni mtu mzima na kazi hiyo ameifanya miaka mingi. Aweza kucheka, kwa kuwa jambo hilo halimo katika daftari lake. Au aweza kuuliza: tutajuaje? Makala haya yanaihusu njia hiyo ya tatu. Tutaona jinsi ilivyomfikisha kijana mmoja wa nchi yetu katika vitabu vya fizikia vya dunia nzima, kisha tutaeleza majaribio matatu ambayo mwalimu na wanafunzi wake waweza kuyafanya kwa vitu vinunuliwavyo sokoni.

KIJANA NA AISKRIMU YAKE

Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, mkoani Tanga. Wanafunzi wa shule hiyo walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaweka ndani ya jokofu. Nafasi ya jokofu ilikuwa ndogo na wenye kuitaka walikuwa wengi. Siku moja Mpemba alimwona mwenzake akiwahi nafasi kwa kuweka maziwa ambayo hakuyachemsha. Akahofu kukosa mahali, akayaweka ya kwake yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi walifungua jokofu. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Mpemba alimwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu ya jambo hilo. Alijibiwa kwamba jambo hilo haliwezekani, na kwamba bila shaka alichanganyikiwa. Alinyamaza, lakini swali hakulitupa. Baadaye alikutana mjini Tanga na watu wafanyao biashara ya aiskrimu, nao wakamweleza kwamba wao huyaweka maziwa yangali ya moto kwa sababu ndivyo yagandavyo upesi. Kwa hiyo jambo ambalo darasani lilionekana upuuzi, kwa wafanyabiashara wa mtaani lilikuwa desturi ya kazi.

Alipokwenda kidato cha tano katika shule ya Mkwawa, Iringa, alilirudia swali lake wakati darasa likisoma kanuni ya Newton juu ya kupoa kwa vitu. Safari hii mwalimu alimfanyia mzaha, akasema hiyo ilikuwa fizikia ya Mpemba, haikuwa fizikia ya walimwengu. Tangu siku hiyo wenzake walimtania kila alipokosea hesabu. Hata hivyo Mpemba aliingia katika maabara ya biolojia, akachukua bika mbili ndogo, moja ya maji ya moto na nyingine ya maji ya bomba, akajaribu mwenyewe.

Ndipo alipofika shuleni hapo Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Chuo chake kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, mwendo mfupi tu kutoka soko la Kariakoo, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, na mwaka 1965 masomo ya sayansi yakaanzishwa. Mgeni alipomaliza kuzungumza, Mpemba alisimama, akauliza: ukitwaa vyombo viwili vilivyo sawa, vyenye maji ya kiasi kilicho sawa, kimoja kikiwa na nyuzi 35 za Selsiasi na kingine nyuzi 100, ukavitia katika jokofu, mbona kile cha nyuzi 100 huganda kwanza? Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne hakucheka. Alikiri kwamba hakuwa na jibu, akaahidi kwamba atakaporudi chuoni atalijaribu.

Alitimiza ahadi. Fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo aliripoti kwamba ni kweli, maji ya moto yalitangulia kuganda, lakini akaongeza kwamba ataendelea kulirudia jaribio mpaka apate jibu lililo sahihi! Majaribio yalirudiwa kwa uangalifu zaidi. Katika bika zilizo sawa walitia sentimita za ujazo 70 za maji yaliyokwisha kuchemshwa, wakabadilisha jambo moja tu, yaani joto la kuanzia. Waliona kwamba maji yaliyoanza na nyuzi 25 hivi ndiyo yaliyochukua muda mrefu kuliko yote kabla ya kuanza kuganda, na yaliyoanza na nyuzi 90 hivi yalichukua muda mfupi zaidi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la Uingereza la walimu wa fizikia, Physics Education. Tangu hapo jambo hilo limeitwa duniani kote kwa jina la Mpemba.

KISA HIKI CHATUFUNDISHA NINI?

Wengi hukisimulia kisa hiki kwa kujivunia jina la Mtanzania, na si vibaya kujivunia. Lakini kwa mwalimu na mwanafunzi faida yake kubwa ipo penginepo. Hebu tuwatazame watu waliolisikia dai lile lile. Wauza aiskrimu wa Tanga walilijua kwa mazoea, wala hawakuwa na haja ya kulieleza. Walimu walilikataa, kwa sababu halikupatana na walichokisoma. Fundi wa maabara aliliona kwa macho yake, ila hakuwa tayari kuyaamini macho. Osborne hakulikubali wala hakulikataa, bali alilipima. Mpemba mwenyewe alifanya jambo gumu kuliko yote: alilishika swali kwa miaka kadhaa huku akichekwa, mpaka akaweza kuliuliza kwa maneno yanayopimika. Tazama tena swali lake: vyombo vilivyo sawa, kiasi cha maji kilicho sawa, joto mbalimbali. Mle ndani ya swali jaribio lilikuwa limekwisha kupangwa.

Wala jambo lenyewe halijaisha. Kuna waliosema kwamba maji ya moto hutangulia kwa sababu sehemu yake hugeuka mvuke, wengine wametaja mizunguko ya maji ndani ya chombo, na wengine hewa iliyoyeyuka ndani yake. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini kwaweza kuleta matokeo ya kudanganya, wakatilia shaka kama maji ya moto hutangulia kweli. Mwaka 2020 wengine, huko Kanada, walionyesha jambo linalofanana na hilo kwa chembe ndogo mno ya kioo ikielea majini. Basi swali la kijana wa kidato cha tatu lingali likiwashughulisha mabingwa, na mzozo wao wote unarudi kwenye stadi zile zile: chombo kimewekwa wapi, nini kimebadilishwa, jaribio limerudiwa mara ngapi.

STADI ZENYEWE

Stadi za sayansi si mambo ya siri. Ya kwanza ni kutazama kwa makini na kutenganisha kile ulichokiona na kile ulichokidhania. Ya pili ni kuligeuza dai liwe swali linalopimika. Ya tatu ni kubashiri jibu kabla ya kujaribu, na kuuandika ubashiri huo ili usije ukajidanganya baadaye. Ya nne ni kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja na kuyadhibiti mengine. Ya tano ni kupima mara nyingi, na kuandika kila kipimo, hata kile usichokipenda. Ya sita ni kufikia uamuzi usiozidi ushahidi ulionao.

Stadi hizi hazipatikani kwa kukariri orodha yake. Hupatikana kwa mikono, kama vile mtu ajifunzavyo ushonaji au upishi. Kwa hiyo na tuingie sokoni.

JARIBIO LA KWANZA: KOPO NA MIZANI

Nafaka nyingi katika masoko yetu hupimwa kwa ujazo. Wazee walikuwa na kibaba na pishi, vibaba vinne vikiwa pishi moja. Baadaye likaja debe, ambalo asili yake ni bati la galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 hivi. Kwa upande mwingine ipo mizani, ambayo Wakala wa Vipimo huikagua na kuipiga muhuri. Je, kopo moja la maharage lina uzito ule ule kila linapojazwa?

Twaa kopo moja na mizani ya jikoni. Jaza maharage, pima, mwaga, jaza tena. Fanya hivyo mara tano, kila mara mtu mwingine akijaza. Tuseme, kwa mfano tu, vipimo ni kilo 0.82, 0.85, 0.83, 0.96 na 0.84. Wastani wa vyote vitano ni kilo 0.86. Lakini kipimo cha nne kimejitenga na vingine, na bila hicho wastani ungekuwa kilo 0.835. Mwanafunzi asiye na uzoefu hukifuta ili daftari lipendeze. Mwenye ustadi hukiacha, kisha huuliza: kulitokea nini? Huenda aliyejaza alilitikisa kopo, maharage yakashikamana na nafasi za hewa zikapungua. Huenda alijaza kwa kilele badala ya kusawazisha ukingoni. Sasa ana maswali mawili mapya, na kila moja lina jaribio lake.

Tofauti kati ya kipimo kikubwa na kidogo katika mfano wetu ni kilo 0.14. Katika makopo kumi inakuwa kilo 1.4, nayo ni chakula cha watu kadhaa. Hapa ndipo mwanafunzi aelewapo kwa nini sheria za vipimo zinapiga vita magunia ya lumbesa, ambayo hushonewa kilele ili mkulima atoe mazao mengi kwa bei ya gunia moja. Somo la densiti, ambalo kitabuni huonekana kavu, kumbe lahusu haki ya mkulima na ya mnunuzi.

JARIBIO LA PILI: ROSELA NA MAGADI

Shule ikikosa karatasi za litmasi, somo la asidi na besi halina haja ya kusimama. Nunua rosela kavu, ile itumiwayo kutengeneza kinywaji chekundu. Mimina maji ya moto juu ya kiganja kimoja cha rosela, ngoja dakika kumi, kisha chuja. Maji hayo mekundu ndiyo kiashiria chako.

Panga bilauri sita safi zenye maji kidogo. Ya kwanza iwe na maji matupu. Bilauri hiyo ndiyo kidhibiti, maana bila hiyo hutajua kama rangi iliyobadilika imebadilishwa na kitu ulichotia au na maji yenyewe. Katika nyingine tia maji ya ndimu, siki, magadi, sabuni ya kufulia na maji ya majivu yaliyochujwa. Kabla ya kutia rosela, kila mwanafunzi aandike rangi anayoitarajia. Kisha tia matone yaliyo sawa katika kila bilauri. Penye asidi wekundu utadumu au utakolea, na penye besi rangi itageuka kuelekea ukijani.

Jaribio lisiishie hapo. Mwalimu amwagie kila kundi kitu wasichokijua, kama vile maji ya ukwaju au ya soda ya kuokea, walitambue kundi lake kwa rangi. Kisha waulize: ukichanganya ndimu na magadi kidogo kidogo, rangi hubadilika lini? Swali hilo ndilo mlango wa somo la titresheni, na kwa jaribio hili laweza kufunguliwa kwa kijiko na bilauri. Tahadhari: kitu kilichotumika katika majaribio kisionjwe, na asidi ya betri ya gari isiguswe bila mwalimu kuwapo.

JARIBIO LA TATU: KWA NINI MTUNGI HUPOZA MAJI?

Waulize wanafunzi kwa nini maji ya mtungi ni baridi. Wengi watajibu kwamba udongo una ubaridi. Wachache watataja kugeuka kwa maji kuwa mvuke. Hayo ni madai mawili, na yaweza kutenganishwa.

Tafuta mitungi miwili iliyolingana na ndoo moja ya plastiki. Iloweke mitungi usiku kucha. Tia katika kila chombo lita 5 za maji ya bomba, uifunike midomo yote, na uviweke kivulini mahali pamoja. Mtungi mmoja uuzungushie nailoni kwa nje, uikaze vizuri, ili unyevu usipate njia ya kutoka. Pima joto la vyombo vyote vitatu kila baada ya nusu saa. Kama ubaridi watoka katika udongo, mitungi yote miwili itapoa sawasawa. Kama watokana na mvuke, mtungi uliofungwa utafanana na ndoo. Hatutoi jibu hapa, kwa sababu jibu hilo lina ladha zaidi kwa mtu aliyelipata mwenyewe.

Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne waendelee na hesabu. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua jouli 2,400 hivi. Kuzipoza lita 5 za maji kwa nyuzi moja kwahitaji kuondoa jouli 21,000. Kwa hiyo gramu 9 tu za mvuke zingetosha, kama joto lisingekuwa likiingia tena kutoka nje. Upime mtungi kwa mizani asubuhi na jioni, uone umepungua gramu ngapi, na ulinganishe na nyuzi ulizoziona. Tofauti itakuwapo, na kuieleza tofauti hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kisha lirudieni jaribio wakati wa masika, hewa ya Dar es Salaam ijaapo unyevu, na wakati wa kipupwe. Mwenye ndugu au rafiki anayesoma Dodoma, penye hewa kavu, amwandikie walifanye pamoja na kulinganisha madaftari.

KAZI YA MWALIMU

Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alitaja akili ya kudadisi miongoni mwa mambo ambayo elimu yetu haina budi kuyajenga kwa kila mtoto. Tangu wakati huo shule zimeongezeka sana, hasa baada ya mwaka 2004 shule za sekondari za kata zilipoanza kujengwa kwa wingi. Miaka kumi baadaye nchi nzima ilihimizwa kuzijengea shule hizo maabara. Majengo ni jambo jema. Lakini tukumbuke kwamba Mpemba hakukosa maabara. Shule yake ilikuwa na maabara, na ilikuwa na jokofu. Alichokikosa kwa muda mrefu ni mtu wa kumwambia: hebu tujaribu.

Mwalimu mwenye wanafunzi themanini na vipindi vinne kwa siku atasema kwamba muda hautoshi na mtihani unakaribia. Hoja hiyo ni ya kweli, wala haifai kupuuzwa. Hata hivyo jaribio la rosela huchukua kipindi kimoja, na la mtungi hujiendesha lenyewe wakati darasa likisoma somo jingine. Aidha mtihani wa vitendo humtaka mtahiniwa asome kipimo, achore jedwali na aeleze chanzo cha makosa. Aliyekariri majibu ya miaka iliyopita hukwama pindi namba zikibadilishwa, lakini aliyepima maharage mara tano anajua la kufanya.

Vijana wetu wameonyesha kwamba wanaweza. Mwaka 2012 yalifanyika Dar es Salaam, kwa mara ya kwanza, maonyesho ya Young Scientists Tanzania, ambamo wanafunzi wa sekondari huleta uchunguzi walioufanya wenyewe juu ya matatizo ya mahali wanapoishi. Uchunguzi wa namna hiyo huanza na kitu kidogo: mtu ameona jambo, akakataa kuliamini au kulidharau kabla ya kulipima.

Basi, mwalimu, mwanafunzi wako akija na habari ya ajabu kutoka nyumbani au sokoni, usiharakishe kumwambia kwamba haiwezekani. Mwulize alibadilisha nini, alipima nini, na alirudia mara ngapi. Akikosa jibu, mpe kopo na mizani. Nawe mwanafunzi, ukichekwa kwa swali lako, liandike vizuri zaidi, kisha uliulize tena.

MASWALI YA KUCHUNGUZA

1. Yai viza huelea kweli? Mayai mabichi yaliyowekwa siku 1, 7, 14 na 21 hukaaje ndani ya maji? Pima uzito wa kila yai, na ueleze kinachopungua.

2. Je, mchele wa zamani hujaa zaidi ya mpya? Ni mambo gani yakupasa uyadhibiti ili mashindano yawe ya haki?

3. Njiti iliyochovywa katika asali na ikawaka yathibitisha nini hasa? Tengeneza asali zenye maji ya viwango mbalimbali, na utafute ni kiwango gani huizuia njiti kuwaka. Jaribio hili lifanywe mbele ya mwalimu.

4. Rudia jaribio la Mpemba kwa jokofu la nyumbani. Kabla ya kuanza, andika utakachokiita kuganda: ni barafu ya kwanza kuonekana, au ni maji yote kuwa barafu? Eleza kwa nini uamuzi huo waweza kubadilisha jibu.